Jina Chini ya Picha: Toka Kiti cha Buli Hadi Ukuta wa Makerere

Wandugu wasomi, tuanze na swali dogo. Ukiingia katika makumbusho makubwa ya Ulaya, upande wa Kongo, utakuta kinyago ndani ya sanduku la kioo, taa inakimulika vizuri, na chini yake kikaratasi. Kikaratasi kinataja kabila, kinataja nchi, pengine kinasema "karne ya 19", halafu kinasema kitu kimetengenezwa na nini. Mara nyingi kinamtaja pia mzungu aliyekinunua au aliyekibeba. Na aliyekichonga je? Haijulikane.

Sasa toka hapo, nenda kwenye maonyesho ya wanafunzi wanaomaliza masomo ya sanaa, iwe Makerere kule Kampala, iwe Kinshasa, iwe Lubumbashi. Ukuta umepakwa rangi nyeupe, kuna misumari, kuna meza zilizofunikwa vitambaa, na wazazi waliovaa vizuri wanapita taratibu wakitafuta kazi ya mtoto wao. Chini ya kila picha kuna kikaratasi pia. Lakini hapa neno la kwanza ni jina la mtu.

Kati ya vikaratasi hivi viwili kuna historia nzima, na sisi watu wa Kasongo na Kabambare tumo ndani yake. Kuna watu wanaona maonyesho ya wanafunzi kama sherehe ya kupiga picha na kunywa soda. Mimi nasema ni mahali ambapo jina la fundi wa Afrika lilianza kurudi. Tufuate pole pole.

Vitu viliondoka, majina yakabaki

Habari ya Kasongo tunaijua. Katika miaka ya 1870 Tippu Tip aliweka makao yake hapo, na mji ukawa soko kubwa la pembe za tembo na la watumwa. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Leopold wa Pili, chini ya Dhanis, likauteka. Shuleni tunaambiwa ilikuwa vita kati ya Wabelgiji na Waarabu, tunaandika tarehe, tunapata pointi, basi. Kitu ambacho mwalimu hasemi sana ni kwamba nyuma ya kila vita kuna mizigo. Silaha na bendera za vita vile zilifungwa, zikabebwa hadi Ubelgiji. Na miaka iliyofuata, maofisa, wamisionari na wafanyabiashara wakaendelea kukusanya katika Maniema yote: vinyago, viti, sanamu, visu, mikuki, mikeka.

Mwaka 1897 Leopold alifanya maonyesho makubwa ya koloni lake kule Tervuren, karibu na Brussels. Vitu vya Kongo viliwekwa ndani ya majumba, na nje, kando ya maji, waliwekwa watu. Ndiyo, watu. Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji, wakajengewa vijiji vya kuonyeshwa, na wageni wakaja kuwaangalia. Saba walikufa huko. Wamezikwa Tervuren, na majina yao yanajulikana: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Mwaka uliofuata, 1898, yale maonyesho yakageuka makumbusho ya kudumu, hayo hayo yaliyoko Tervuren hadi leo.

Fikiria jambo hili vizuri. Katika maonyesho yale, mtu wa Kongo alibaki na jina lake juu ya kaburi. Mwenzake aliyechonga vile vitu vilivyojaa ndani ya jumba, jina lake halikuandikwa, juu hakuna aliyeuliza. Wenye kukusanya waliona kabila, hawakuona fundi.

Je, wazee wetu hawakuwa na majina?

Hapa kuna mtu atasema: "Ndugu, hayo mambo ya jina la msanii ni ya wazungu. Kwetu kazi ilikuwa ya jamaa nzima, haikuwa ya mtu mmoja." Ni hoja nzuri, na ina ukweli ndani yake, kwa hiyo tusiipite haraka.

Tuchukue Walega wa Pangi, majirani zetu wa kaskazini. Kwao vinyago na sanamu vilikuwa vya bwami, chama ambacho mtu anapanda ngazi kwa ngazi, akifundishwa kwa methali, ngoma na vitu. Mbelgiji Daniel Biebuyck alifanya utafiti kati yao kuanzia 1952 hadi 1957, na akaeleza kwamba kweli, Walega hawakumtukuza mchongaji. Kilichokuwa na uzito ni nani anakimiliki kitu, yuko ngazi gani, na alikipata kwa nani. Kinyago kidogo cha mbao kinachoitwa lukwakongo kilikuwa cha mtu, si cha kijiji. Mwenyewe akifa, kinyago kiliwekwa juu ya kaburi lake kwa muda, kisha kikapita kwa ndugu anayestahili. Aliyekirithi alikuwa anakumbuka aliyemtangulia kila alipokishika.

Kwa hiyo kinyago kilikuwa na majina, tena mengi. Kilikuwa na mnyororo wa watu, toka babu hadi mjukuu. Na methali zake zilikuwa na watu wanaojua kuzisema. Mwaka 1948 serikali ya koloni ikapiga bwami marufuku. Vitu vikauzwa, vikachukuliwa, vikafichwa. Vilipofika Ulaya mnyororo ule ulikuwa umekatika, na kikaratasi kikaandikwa neno moja tu: Lega.

Basi jibu langu kwa yule ndugu ni hili. Jamaa nzima ni watu wenye majina. Anayesema "kazi ya jamaa" wakati hawezi kutaja hata mmoja wa jamaa hiyo, anatumia neno zuri kufunika kitu kilichopotea. Na leo, ambapo kitu kinaweza kutoka kijijini asubuhi na jioni kiko mikononi mwa mfanyabiashara wa mjini, jina lililohifadhiwa kichwani mwa mzee mmoja halitoshi tena.

Mwaka 1938, miji miwili

Sasa tuangalie mwaka mmoja, kwa sababu mwaka huo mambo mawili yalifanyika mbali mbali, na wenyewe hawakujuana.

La kwanza ni Antwerp, Ubelgiji. Kati ya mwisho wa 1937 na mwanzo wa 1938 kulikuwa na maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Aliyeyaongoza ni Frans Olbrechts, profesa wa Chuo Kikuu cha Ghent. Olbrechts alifanya jambo ambalo wenzake hawakulizoea: alipanga sanamu kwa kuangalia mkono wa aliyezichonga. Akaona viti na sanamu kadhaa zenye sura moja: nyuso ndefu za wazee, mashavu yameingia ndani, macho mazito, mikono mikubwa inayoinua kiti kama vile inabeba dunia. Akasema, hizi ni kazi za mtu mmoja. Lakini jina lake nani? Halikuandikwa popote. Basi akamwita kwa kijiji kilichotajwa kama mahali kazi hizo zilikotoka: fundi wa Buli.

Buli si mbali na sisi. Iko kusini yetu, upande wa Katanga, katika nchi ya Wahemba na Waluba. Miaka mingi baadaye, watafiti waliokwenda kuuliza wenyeji walipewa jina la mtu: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Maana yake kulikuwa na watu waliokumbuka. Kazi zake zilikuwa zimeshasambaa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zinaitwa kilele cha sanaa ya Afrika, na muda wote huo jina lilikuwa nyumbani, linasubiri mtu aulize. Tangu kitu kinabebwa hadi swali linaulizwa, kizazi kizima kilipita.

La pili ni Kampala. Mwaka huo huo wa 1938, huko Namirembe, mwalimu Mwingereza Margaret Trowell alitundika ukutani kazi za wanafunzi Waafrika. Mume wake alikuwa daktari, na yeye mwenyewe alisomea sanaa London. Alianza kufundisha barazani kwa nyumba yake. Hakuwa na jumba la sanaa, hakuwa na idara, na wakubwa wengi wa koloni waliona kuchora si kazi ya shule. Mwaka 1939 kazi hizo zikapelekwa London, katika Imperial Institute, watu wakaziangalia. Na sanaa ikapata nafasi yake Makerere, mpaka ikawa shule kamili iliyobeba jina la Trowell.

Weka miji hiyo miwili kando kwa kando. Antwerp: profesa anatafuta mkono wa fundi ambaye hakuna aliyemuuliza jina. Kampala: mafundi wako hai, vijana, wamesimama kando ya kazi zao na unaweza kuwauliza: umechora nini, umetoka wapi, kwa nini umeweka rangi hii hapa. Hiyo ndiyo tofauti ambayo maonyesho ya wanafunzi yalileta. Kazi inaonekana mbele ya watu wakati mwenyewe angali anaweza kuisemea.

Waliotoka kwenye ukuta ule

Tusimtukuze Trowell kupita kiasi. Aliogopa wanafunzi wake wakiona sana sanaa ya Ulaya wataiga, kwa hiyo aliwaambia wachore toka katika hadithi na maisha ya kwao, lakini vilevile aliwafungia mlango wa kuona ulimwengu wote. Aliyemfuata mwaka 1958, Cecil Todd, alifungua mlango ule: historia ya sanaa ya Ulaya, elimu ya rangi, michoro ya kisasa. Wanafunzi wakajikuta kati ya walimu wawili wenye mawazo tofauti, na kila mmoja ikabidi atafute njia yake mwenyewe.

Angalia walikofika. Gregory Maloba, kijana wa Mumias, Kenya, akawa mchongaji na mwalimu. Sanamu ya Uhuru wa Uganda iliyosimama Kampala tangu 1962, ile ya mama anayeinua mtoto juu, ni kazi yake. Sam Ntiro alitoka Machame, Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akafundisha hapo hapo, akaenda London kuongeza masomo, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akawa balozi wake Uingereza. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, iko katika Museum of Modern Art, New York. Kikaratasi chake hakisemi "Mchaga, Tanganyika, karne ya 20". Kinasema Sam Ntiro.

Elimo Njau, wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Murang'a huko Kenya, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye damu ya vita vya Mau Mau. Alimchora Yesu kama mtu mweusi, amezaliwa kati ya vilima na nyumba za Wakikuyu. Theresa Musoke, Mganda, alichora ukuta wa Mary Stuart Hall, bweni la wasichana wa Makerere, miaka ya 1960, wakati wasichana chuoni walikuwa wachache sana.

Mwaka 1969 Makerere ikafungua jumba lake la sanaa. Hapa ndipo tufike kwenye kitu chenyewe. Jumba lile halikuwa la kununua kazi kubwa za watu maarufu. Hazina yake kubwa ni kazi za wanafunzi na walimu wa shule yenyewe, zilizowekwa mwaka baada ya mwaka. Miaka miwili baadaye, Januari 1971, Idi Amin akatwaa nchi. Wasanii wengi walikimbia. Musoke alikaa Nairobi miaka mingi. Vita vikaja, njaa ikaja, mishahara ikawa karatasi tu. Lakini kijana anayeingia shule ile leo anaweza bado kuona namna wanafunzi wa zamani walivyochora, akajua mwalimu wa mwalimu wake alianza vipi. Anaweza kukataa mtindo wao, anaweza kuuendeleza. Yote mawili yanahitaji awe ameuona kwanza.

Na kwetu Kongo?

Kwetu pia mambo yalienda, kwa njia nyingine. Mwaka 1943 mmisionari Mbelgiji, Marc Wallenda, alifungua shule ya sanaa Gombe-Matadi, katika Kongo ya chini. Mwaka 1949 ikahamia Léopoldville, na mwaka 1957 ikapewa jina la Académie des Beaux-Arts. Ndiyo hiyo ya Kinshasa hadi leo.

Upande wetu wa Kiswahili, Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana iliyoitwa Le Hangar. Humo walikuwa Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy, mwenye samaki na ndege wanaofanana na vitambaa vilivyofumwa. Na Mwenze Kibwanga, aliyejenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi. Romain-Desfossés naye, kama Trowell, hakutaka waige Ulaya, na aliwatendea kama baba na watoto, hata waliokuwa watu wazima. Lakini picha ziliwekwa sahihi. Ukiona "Pilipili" kwenye pembe, unajua. Mwaka 1951 Laurent Moonens akafungua shule ya sanaa ya mji ule, na baada ya Romain-Desfossés kufa mwaka 1954, Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Watu walioanza kama "vijana wa mzungu" wakawa walimu wenye darasa.

Kisha kuna Tshibumba Kanda Matulu. Huyu hakuwa mwanafunzi wa shule yoyote ya sanaa. Alizaliwa 1947, alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akauza mlango kwa mlango. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, profesa wa antropolojia aliyefundisha Chuo Kikuu huko Lubumbashi, na kati ya 1973 na 1974 akamchorea historia ya nchi nzima, toka enzi za mababu hadi Mobutu, zaidi ya picha mia moja. Na juu ya kila picha akaeleza kwa Kiswahili chetu hiki cha Kongo: nani huyu, alifanya nini, kwa nini nimemweka hapa. Maneno yake yalirekodiwa, na mwaka 1996 yakatoka kitabuni pamoja na picha 101. Fikiria: fundi wa mtaani anamfundisha profesa historia, kwa lugha ya sokoni, na maneno yanabaki.

Jina liko, maneno yako. Lakini picha zenyewe ziko Amsterdam. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena. Mtoto wa Lubumbashi au wa Kasongo anayetaka kusimama mbele ya picha zile anahitaji viza.

Kwa hiyo mifano hii inatupa vipimo viwili. Jina peke yake linasaidia, lakini kazi ikiondoka tunabaki na jina bila kitu. Kitu kikibaki bila jina, tunacho lakini hatujui ni cha nani. Makerere ilijaribu kushika vyote viwili. Na hata kushika hakutoshi bila kulinda: Elimo Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, mahali pa wasanii Waafrika wenyewe, na mwaka 1997 moto ukaunguza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwa humo. Miaka 30 ya kukusanya, usiku mmoja.

Mlango ni wa nani?

Kuna jambo jingine tuliseme wazi, juu sisi tunaosoma hapa wengi tuna diploma, na mwenye diploma anasahau haraka. Ukuta wa chuo unaweza kumpa fundi jina, na unaweza kumnyima. Miaka mingi wenye shule za sanaa waliwaona wachoraji wa mtaani kama watu wa kuchora mabango ya vinyozi na ya baa. Mwaka 1978 Kinshasa kulikuwa na maonyesho yaliyoitwa Art Partout, yaani sanaa kila mahali, na hapo wachoraji wa mtaani kama Chéri Samba na Moke waliingia mahali ambapo wasomi wanaangalia. Leo Chéri Samba anajulikana duniani kuliko walimu wengi waliomdharau.

Somo lake halisemi kwamba shule haina kazi. Shule inafundisha mkono, inafundisha macho, inaweka kumbukumbu. Somo ni kwamba chuo chenye ukuta kina deni kwa wasio na ukuta. Fundi wa ngoma wa kijijini, mama anayefinyanga vyungu, mzee anayesuka mikeka, mhunzi: hao hawatakuja kuomba nafasi katika maonyesho. Ni lazima mtu aende kwao na karatasi na kalamu.

Kwa nini sasa

Mtu anaweza kuuliza, katika nchi yenye barabara mbovu na vita, jina la mchongaji linatupa nini? Linatupa ushahidi.

Mwezi wa Februari 2022, Waziri Mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Mfalme Philippe alikuja Kinshasa na kinyago kimoja cha Wasuku, Kakuungu, akakiacha katika Makumbusho ya Taifa kwa mkopo usio na mwisho. Tulikopeshwa cha kwetu. Hapo ndipo mazungumzo yamefika.

Mazungumzo hayo yataendelea maisha yetu yote. Kila mara yatafika kwenye maswali yale yale: kitu hiki kilitoka kijiji gani? Kilikuwa cha nani? Kilitokaje? Anayeweza kujibu ana nguvu mezani. Asiyeweza ataambiwa, "Kabila lenu ni kubwa, tumrudishie nani?" Makaratasi yote yako upande mmoja wa meza. Upande wetu kuna wazee, na wazee wanaondoka.

Na kwa msanii kijana, jina ni mkate pia. Picha yenye jina, mwaka na mahali inaweza kuuzwa kwa bei inayopanda, inaweza kutajwa, inaweza kudaiwa ikiibiwa. Picha bila jina ni kitu cha wenye maduka. Mfanyabiashara anapenda sana sanaa isiyo na mwenyewe, kwa sababu hakuna wa kumdai.

Tunaweza kuanza wapi

Tukumbuke barazani kwa nyumba ya Trowell. Haikuwa galeri. Vyuo vyetu vya Maniema havina jumba la sanaa, lakini vina madarasa, na darasa lina kuta nne. Siku mbili baada ya mitihani, meza zikisogezwa, kuta hizo zinaweza kubeba picha za wanafunzi, na meza zinaweza kubeba vyungu, vikapu, viti, visu na ngoma zilizoletwa toka kwa mafundi wa Kasongo na Kabambare, zikaonyeshwa na kurudishwa kwa wenyewe. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba maonyesho ya wanafunzi ni lazima yawe na wanafunzi wa sanaa peke yao. Mwanafunzi wa historia aandike, wa sheria aseme juu ya haki ya fundi, wa kompyuta apige picha na kuzitunza mahali zaidi ya pamoja, ili moto usiziunguze zote.

Na kila kitu kipate kikaratasi. Kiwe kifupi: jina la fundi, kijiji, mwaka, kimetengenezwa na nini, alijifunza kwa nani, kinatumika kwa kazi gani, na methali yake, kama ipo. Mistari saba. Fundi asomewe kilichoandikwa, na kama kuna jambo la siri la wazee hataki liandikwe, lisiandikwe. Jambo hili la mwisho msilipite juu juu, juu wale waliokusanya zamani hawakuuliza ruhusa pia.

Mstari wa tano ndio naupenda zaidi, ule wa "alijifunza kwa nani". Kwa njia hiyo fundi mmoja anamleta mwalimu wake, na mwalimu anamleta wa kwake, na mnyororo uliokatika wakati wa bwami unaanza kufungwa tena, kipande kwa kipande. Pengine utafika kwa babu ambaye kazi yake iko ndani ya kioo kule Tervuren, chini yake kikaratasi chenye neno moja tu la kabila.

Basi likizo hii, ukirudi nyumbani, angalia kiti unachokalia, chungu ambacho bibi anapikia sombe, mkeka unaolalia. Uliza nani alikitengeneza. Ukipewa jina, liandike pamoja na mwaka na kijiji, na umuulize pia aliyemfundisha.